Mwamuzi na Viatu vya Wachezaji

Mara nyingi mmesimama kando ya uwanja mkingoja mpira uanze, mkamwona mwamuzi akiinama mbele ya wachezaji, mmoja baada ya mmoja, akitazama nyayo za viatu vyao na kugusa miguu yao chini ya magoti. Watu wengi huona jambo hili kuwa upuzi, nao hupiga kelele, “Anza mpira, bwana, jua linakuchwa!” Twapenda leo kueleza desturi hii imetoka wapi, na kwa nini ilipata kuwekwa. Maana nyuma yake pana habari ya miaka zaidi ya mia na sitini, na ndani ya habari hiyo pana swali ambalo kila mtu mwenye mamlaka, awe mwamuzi, mwalimu au mzee wa baraza, hana budi kulijibu: sheria iliyowekwa kwa usalama wa watu itashikwaje, ili isilegezwe kwa mmoja na kukazwa kwa mwingine?

Hapo zamani mpira katika Uingereza haukuwa na sheria moja. Kila shule kubwa ilikuwa na desturi yake. Wengine walidaka mpira kwa mikono na kukimbia nao, wengine waliupiga kwa miguu tu. Tarehe 26 Oktoba 1863 wajumbe wa vilabu vya London na jirani yake walikutana katika nyumba iitwayo Freemasons' Tavern, wakaunda Chama cha Mpira. Katibu wao alikuwa Ebenezer Cobb Morley, mtu wa sheria. Walikutana mara kadhaa mpaka Desemba, na neno lililowagawanya zaidi lilikuwa la ugoko. Maana palikuwa na desturi ya kumpiga mwenzako teke la ugoko kwa kusudi, ili kumzuia asipite na mpira, na wengi waliona kwamba huo ndio uanaume. Morley alisema kwamba desturi hiyo ikibaki, watu wazima wenye akili zao hawatacheza mpira. Mjumbe wa klabu ya Blackheath, jina lake Campbell, akajibu kwamba desturi hiyo ikiondolewa ushujaa wote wa mchezo utakwisha, naye ataleta Wafaransa waliojifunza juma moja tu wawashinde Waingereza wote! Mwisho wake teke la ugoko likakatazwa, na watu wa Blackheath wakajitoa. Mwaka 1871 watu wa mchezo wa rugby walipounda chama chao, wao nao walilikataza teke lile lile. Hivyo hata wale waliolitetea kwa jina la ushujaa hawakuweza kulitetea muda mrefu.

Katika sheria zile za 1863 iliwekwa pia sheria juu ya viatu. Ilisema kwamba mchezaji haruhusiwi kuvaa viatu vyenye misumari iliyochomoza, wala bamba la chuma, wala vipande vya utomvu mgumu wa miti ya Malaya, katika nyayo au visigino. Tuliangalie neno hili vizuri. Wakati huo haikuwapo sheria ya namna ya kutoa adhabu, wala mwamuzi hakutajwa hata mara moja, lakini msumari wa kiatu ulikwisha kukatazwa. Watu wale walijua kwamba mtu aweza kuwa mwungwana, asiwe na nia mbaya hata kidogo, na bado msumari wa kiatu chake ukampasua mwenzake. Nia njema haiondoi ukali wa chuma.

Lakini sheria bila mlinzi ni kama ua bila mlango. Nani angeutazama msumari huo? Mwanzoni kazi iliachiwa wakubwa wa timu wenyewe. Kisha wakawekwa waamuzi wawili, kila timu na wake, na wakipishana walimwendea wa tatu aliyesimama nje ya uwanja. Nao hawakuamua neno mpaka wachezaji wameliomba kwa sauti. Fikirini mambo yalivyokuwa: kila mwamuzi ana upande wake, na anayeumizwa lazima apige kelele kwanza ndipo asikiwe. Mwaka 1891 desturi hiyo ilibadilishwa. Mwamuzi mmoja, asiye wa upande wowote, akaingizwa ndani ya uwanja, na wale wawili wakapelekwa kwenye mistari ya pembeni, wakawa washika vibendera. Hapo ndipo mpira ulipopata mtu mmoja wa kuulizwa.

Sheria ya viatu nayo ikakua. Kwa kuwa majani ya Uingereza huwa na unyevu na matope, mchezaji asiye na meno chini ya kiatu huteleza kama mtu juu ya mwamba wenye utando. Kwa hiyo meno ya ngozi yaliruhusiwa, lakini kwa kipimo. Mwanzoni mwa karne ya 20 sheria ilisema meno yasizidi nusu inchi, yawe ya mviringo, yasiwe na ncha, na misumari inayoyashika izamishwe ndani ya ngozi isichomoze. Mwamuzi akitakiwa, avikague viatu kabla ya mpira kuanza. Na mtu akionekana amevunja sheria hii, asicheze tena katika mpira ule.

Katika maneno hayo twaona mambo mawili yanayotufundisha. La kwanza, kipimo kilikuwa wazi. Nusu inchi ni nusu inchi, kwa mtoto wa tajiri na kwa mtoto wa mchimba makaa. La pili, maneno “akitakiwa” yaliacha ufa. Maana mwamuzi aliyetakiwa na timu moja alikagua, na asiyetakiwa na mtu hakukagua. Basi usalama wa mchezaji ulitegemea kama nahodha wake amekumbuka kuomba. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huo uliendelea kuzibwa kidogo kidogo, hata leo kazi ya kukagua ni ya mwamuzi na wasaidizi wake, awepo wa kuomba au asiwepo.

Mwaka 1938 sheria zote, ambazo zilikuwa zimerundikana kama kuni zisizofungwa, zilipangwa upya kuwa kumi na saba. Aliyezipanga ni Stanley Rous, katibu wa Chama cha Mpira cha Uingereza. Sisi walimu twafurahi kutaja kwamba mtu huyu alikuwa mwalimu wa shule katika Watford, na alikuwa mwamuzi wa mpira wa mwisho wa Kombe la Chama mwaka 1934. Katika mpango wake vyombo vya mchezaji vilipewa sheria ya nne, na mpaka leo, ingawa maneno yamebadilika mara nyingi, namba yake ni ile ile. Mwalimu ajua kwamba sheria isiyosomeka haishikiki.

Sasa tuseme habari ya vikinga ugoko. Husimuliwa kwamba mwaka 1874 Sam Weller Widdowson, mchezaji wa Nottingham Forest, ambaye pia alicheza kriketi, alikata vikinga vya miguu vya kriketi akavifanya vifupi, akavifunga juu ya soksi zake. Wenzake, twafikiri, walitazamana. Lakini ugoko huumia kwa watu wote sawasawa, na chombo hicho kikaenea. Hata hivyo kuvivaa hakukuwa lazima. Aliyetaka alivaa, asiyetaka aliacha, na vijana wengi waliona fahari kuteremsha soksi mpaka kwenye vifundo, ili watu waone hawaogopi. Hata mwaka 1990 ndipo Baraza la Kimataifa la Sheria za Mpira lilipoamuru kwamba kila mchezaji avae vikinga ugoko, navyo vifunikwe na soksi. Toka Widdowson mpaka amri hiyo ni miaka 116. Hivyo ndivyo fahari ya wanadamu inavyoweza kushindana na jambo lililo wazi!

Na mashindano hayo hayajaisha. Siku hizi wachezaji wengine huvaa vikinga vidogo mno, vinavyofanana na ganda la sabuni, ili mwamuzi akigusa asikie kitu kigumu na kuridhika. Mwaka 2024 Baraza liliongeza maneno kwamba mchezaji mwenyewe ndiye mwenye kuwajibika kuangalia kwamba vikinga vyake vina ukubwa unaofaa. Maana mwamuzi huweza kuhakikisha kwamba kikinga kipo. Hawezi kumtia mtu hekima.

Huenda msomaji atauliza, “Je, sisi tuliocheza bila viatu tangu utoto, tulivunja sheria?” Hapana. Mwaka 1911 katika Calcutta timu ya Wahindi iitwayo Mohun Bagan iliwashinda askari wa kikosi cha East Yorkshire mabao 2 kwa 1 katika mpira wa mwisho wa Ngao ya Chama, na wachezaji wake wote ila mmoja walikuwa miguu mitupu. Katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1948, Wahindi wengi walicheza na Wafaransa bila viatu wakashindwa 2 kwa 1 tu. Mwaka uliofuata, 1949, timu ya Nigeria ilizunguka Uingereza, na wengi wao walikuwa wamefunga bendeji tu miguuni. Katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki nako, vijana wengi walijifunza mpira katika viwanja vya shule za misheni na vya serikali miguu ikiwa mitupu, na chenga walizopiga wazee wetu husimuliwa mpaka leo.

Juu ya jambo hili Baraza lilikuwa na agizo lenye busara, lililodumu miaka mingi. Lilisema kwamba sheria hailazimishi viatu. Lakini katika mpira wa mashindano mwamuzi asiruhusu mchezaji mmoja au wachache tu wacheze bila viatu ikiwa wengine wote wamevaa. Tazameni jinsi agizo hili lilivyopimwa. Hatari haikuwa katika mguu mtupu peke yake. Hatari ilikuwa katika mguu mtupu kukutana na meno ya kiatu. Watu ishirini na wawili wasio na viatu wako sawa, na watu ishirini na wawili wenye viatu wako sawa. Lakini mmoja asiye na kinga katikati ya wenye meno ni kama kifaranga kati ya mbuzi wanaopigana. Hakuna anayemkusudia mabaya, naye atakanyagwa. Baadaye viatu viliwekwa katika vyombo vya lazima, kama ilivyo leo.

Wala tusidhani kwamba sheria ya usalama huzuia maendeleo. Tarehe 4 Julai 1954, katika mji wa Bern, Wajerumani walicheza na Wahungari mpira wa mwisho wa Kombe la Dunia. Mvua ilinyesha. Fundi Adi Dassler alikuwa amewatengenezea Wajerumani viatu ambavyo meno yake yaliweza kufunguliwa na kubadilishwa, marefu kwa uwanja wenye matope na mafupi kwa uwanja mkavu. Wahungari walitangulia kwa mabao 2, lakini Wajerumani wakashinda 3 kwa 2. Chombo kipya kilikubaliwa, kwa sababu kilikuwa ndani ya sheria.

Sasa twafika kwenye habari mbili za karibu zaidi. Ya kwanza ni ya kitu kidogo, ya pili ni ya kitambaa.

Tarehe 5 Desemba 2004, katika Uswisi, mchezaji wa klabu ya Servette jina lake Paulo Diogo alimsaidia mwenzake kufunga bao katika uwanja wa Schaffhausen. Kwa furaha aliruka juu ya ua wa chuma penye watazamaji. Alipojitupa chini, pete yake ya ndoa ilinasa katika chuma, ikakata sehemu ya kidole chake. Na mwamuzi, asiyejua lililotokea, alimpa kadi ya njano kwa kushangilia kupita kiasi. Watu wengi walicheka kadi ile. Sisi hatucheki, bali twauliza: pete ile iliingiaje uwanjani? Sheria ya nne ilikwisha kukataza chochote cha hatari, na kutaja mapambo ya kila namna. Pete ya ndoa ni kitu cha heshima, na kwa hiyo ni vigumu kumwambia mtu aivue. Huenda aliyepaswa kusema aliona haya, au hakuitazama, au alidhani kitu kidogo namna hiyo hakidhuru. Kidole kikapotea kabla ya kadi kutolewa. Majuto ni mjukuu.

Habari ya pili ni ngumu zaidi, maana hapa waamuzi hawakulegea, bali walikaza, na kukaza kwao hakukuwa sawa kila mahali. Mwezi wa Februari 2007, katika mji wa Laval jimbo la Quebec, nchi ya Kanada, msichana wa miaka kumi na mmoja alikuja na timu yake kutoka Ottawa, jimbo la Ontario. Alivaa hijabu. Mwamuzi, ambaye yeye mwenyewe alikuwa Mwislamu, akamwambia aivue au atoke. Msichana akatoka, timu yake yote ikamfuata, na timu nyingine kadhaa za Kanada zikajitoa pamoja nao. Katika Ontario, nyumbani kwake, mtoto huyu alicheza na hijabu yake bila neno. Alipovuka mpaka wa jimbo, kitambaa kile kile kikaitwa hatari. Nchi ni moja, na kitabu cha sheria ni kimoja. Waliotofautiana ni wasomaji wake.

Mwezi wa Machi mwaka ule Baraza liliulizwa neno hili, likajibu tu kwamba sheria ya nne imekwisha kutaja vyombo vya lazima. Jibu hilo halikutoa kipimo. Wala watu hawakukosa kukumbuka mambo ya mlinda mlango Petr Čech wa Chelsea. Yeye alivunjika fuvu la kichwa tarehe 14 Oktoba 2006, akarudi uwanjani Januari 2007 akiwa amevaa kofia laini ya kinga, na hakuna aliyemtoa, maana sheria iliruhusu kofia laini zisizodhuru. Basi mwezi mmoja mtu mzima aliingia na kofia kichwani, na mwezi uliofuata mtoto alitolewa kwa kitambaa kichwani. Twakubali kwamba vitu hivi si kimoja: kofia ilikuwa kinga, na kitambaa kilichofungwa kwa pini shingoni huweza kumkaba mtu kikivutwa. Lakini ikiwa hatari ni pini na kufungwa shingoni, yapasa pini na kufungwa ndivyo vikatazwe, wala si kichwa kufunikwa.

Mambo yalizidi kuwa mabaya. Juni 2011 timu ya wanawake wa Iran ilifika uwanjani Amman kucheza na Jordan kwa ajili ya Olimpiki, ikazuiwa kwa sababu ya vitambaa vya kichwa, ikahesabiwa kuwa imeshindwa bila kucheza. Wanawake wale walilia mbele ya watu. Ndipo Ali bin Al Hussein, mwana wa mfalme wa Jordan, alipolishika neno hili akalipeleka mbele ya wakubwa wa mpira. Julai 2012 Baraza liliruhusu vitambaa vya kichwa kwa majaribio. Na tarehe 1 Machi 2014 likaviandika katika sheria, kwa wanawake na kwa wanaume. Hata vilemba vya Masingasinga, ambavyo Quebec ilikuwa imevikataza mpaka Juni 2013, viliingia katika ruhusa hiyo. Na safari hii kipimo kilitolewa: kitambaa kiwe cheusi au cha rangi ya fulana, kisishikamane na fulana, kisiwe na kitu cha kuchomoza, kisimdhuru mvaaji wala mwenzake. Miaka saba ilipita toka Laval. Mtoto wa miaka kumi na mmoja alikuwa amekwisha kuwa na kumi na minane.

Basi tukusanye tuliyoyasema. Sheria za vyombo hazikutungwa na watu waoga, bali na watu waliotaka mchezaji arudi kazini kesho yake akiwa na miguu mizima. Zimefaa pale zilipokuwa na kipimo wazi, na pale aliyezishika alipokuwa mtu mmoja asiye na upande. Zimeumiza pale palipokuwa na haya, kama pete ya Uswisi. Na pale palipokuwa na ukali usio na kipimo, kama kitambaa cha Laval. Kulegea na kukaza ovyo ni ndugu wawili wa tumbo moja, maana katika hali zote mbili mchezaji hajui leo atakuta nini.

Wengi wetu tusomao gazeti hili huombwa kushika kipenga siku za michezo ya shule. Hatuna mshahara wa kazi hiyo, na mara nyingi hatuna shukrani. Tumekwisha kuona wenyewe jinsi mambo yanavyoharibika: mwamuzi huwakagua wageni mpaka vidole vya miguu, kisha huwapita wenyeji akiwapungia mkono, humvua bangili mtoto wa mjane, na saa ya mtoto wa mwenye duka akaifumbia macho. Siku hiyo huenda asiumie mtu. Lakini watoto wote wameona, nao wamejifunza kwamba sheria ni ya wanyonge. Somo hilo hudumu kuliko kovu la ugoko. Wazee wetu husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Mwamuzi anayekata mbele tu, chombo alicho nacho si msumeno tena.

Kwa hiyo, ndugu, mkimwona mwamuzi akiinama tena kutazama viatu, msimpigie kelele. Mtazameni ainame mbele ya wote. Akimruka mmoja, hata akiwa ni mwana wenu mwenyewe, hapo ndipo pa kumwita.